Salamu za Krismasi kutoka siti ya nyuma

Heri ya Krismasi, ndugu, jamaa na marafiki. Nawaandikia nikiwa ndani ya basi. Tumeshaipita Chalinze, tunakwenda kijijini kuhesabiwa, yaani kula sikukuu na ukoo, kama kila mwaka. Nilichelewa kukata tiketi, kwa hiyo nimebanwa siti ya nyuma kabisa, na kila tuta nalisikia kiunoni. Kosa ni langu, simlaumu mtu.

Huku nyuma nimekumbuka kwamba Desemba ni mwezi wa siti. Tarehe 21 Desemba 1956, siku nne kabla ya Krismasi, watu weusi wa Montgomery, jimbo la Alabama huko Marekani, walipanda basi na kukaa popote walipotaka. Walikuwa wamegomea mabasi siku 381, wakitembea kwa miguu, kwa sababu sheria iliwatenga na Wazungu kwenye siti.

Utengano huo wa siti ulianzia kwenye treni. Mwaka 1890 jimbo la Louisiana lilipitisha sheria ya kutenga mabehewa, Wazungu kwao na weusi kwao. Tarehe 7 Juni 1892 fundi viatu mmoja wa New Orleans, Homer Plessy, akaingia behewa la Wazungu makusudi, kwa mpango wa kamati ya wananchi iliyotaka sheria hiyo ifikishwe mahakamani. Asili yake ya Kiafrika ilikuwa sehemu moja tu ya nane. Ukimwona ungemwita Mzungu. Akakamatwa. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji saba kwa mmoja, ikaamua kwamba kuwatenga watu si kosa mradi huduma ziwe sawa. Huo usawa haukufika kamwe, ila utengano ulienea upesi: shule, hospitali, bomba la maji ya kunywa, hata makaburi. (Wasomaji wa Kenya ambao babu zenu walitembea na kipande shingoni, kile kitambulisho cha lazima cha mkoloni, najua hamhitaji kueleweshwa.)

Ndani ya basi la Montgomery, siti kumi za mbele zilikuwa za Wazungu, hata zikibaki tupu. Mweusi alipanda mbele, akalipa nauli, akashuka, kisha akazunguka kupandia mlango wa nyuma. Mara nyingine dereva aliondoa gari kabla hajafika mlangoni, na nauli ndiyo imekwenda. Mwaka 1943 Rosa Parks, fundi cherehani, aligoma kushuka na kuzunguka, na dereva akamtoa nje. Dereva huyohuyo ndiye aliyemwamuru ampishe Mzungu tarehe 1 Desemba 1955. Wenzake watatu wa safu ile waliinuka, yeye akabaki amekaa, akakamatwa, na hapo ndipo mgomo wa mabasi ukazaliwa. Miezi tisa kabla yake, binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa jambo hilohilo, lakini jina lake halitajwi sana.

Mgomo ulipoanza, viongozi hawakudai hata sheria ifutwe. Walitaka dereva awe na adabu, weusi waajiriwe udereva kwenye njia za weusi, na aliyewahi siti asiinuliwe, weusi wakijaza kuanzia nyuma na Wazungu kuanzia mbele. Basi! Wakubwa wa mji wangekubali hayo, huenda ubaguzi wenyewe ungedumu zaidi. Ukaidi wao ndio uliowapeleka watu mahakamani kudai kila kitu.

Anayenigusa kuliko wote katika habari hii ni mpishi, Georgia Gilmore. Alitoa ushahidi mahakamani, akafukuzwa kazi, akahamishia biashara jikoni kwake. Yeye na akina mama wenzake walikaanga kuku, wakaoka keki, wakauza, na fedha zikanunua mafuta ya magari yaliyobeba wagomaji. Ukiuliza zimetoka wapi, unajibiwa hazikutoka popote. Ilibidi wafiche, kwa kuwa wengi wao walipika kwenye nyumba za Wazungu. Mama zangu wa vikoba, hao ni wenzenu.

Mahakama ya Juu iliunga mkono kesi ya kupinga utengano kwenye mabasi Novemba 1956. Claudette alikuwa mmoja wa wanawake waliofungua shauri. Amri ilifika Montgomery tarehe 20 Desemba, kesho yake watu wakapanda. Haikuwa Krismasi ya amani. Usiku wa tarehe 25, nyumba ya mchungaji Fred Shuttlesworth huko Birmingham ililipuliwa kwa baruti yeye akiwa ndani. Alitoka hai, na siku iliyofuata akawaongoza watu kupanda mabasi ya mji wake, na baadhi yao wakakamatwa.

Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi hotelini, mikahawani na kazini. Mwaka 1967 marufuku ya ndoa kati ya weusi na Wazungu ikafutwa na mahakama, lakini maneno yenyewe yalibaki katika katiba ya Alabama hadi kura ya mwaka 2000, na hata hapo wapiga kura wanne kati ya kumi hivi walisema yabaki.

Konda anatangaza Korogwe, tunashuka kula. Mlio bado Mbezi mkisubiri gari, poleni. Mama mkwe, nakuja, mbege mnibakizie. Wale mtakaokuwa zamu hospitalini na malangoni wakati sisi tunakula nyama, heri ya Krismasi kwenu kwanza, na Mwaka Mpya mwema.