Tiki ya kijani hainunuliwi, wenye tovuti Dodoma iwekeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi akaunti feki, maana naona watu bado wanaamini ukiona tiki pembeni ya jina la akaunti basi umemaliza. Tiki ya Twitter, ambayo sasa ni X, tangu Novemba 2022 ni ya kulipia, ilianza dola 8 kwa mwezi, na mwezi huohuo mtu akajifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Marekani akaposti kwamba insulini sasa ni bure, na tiki anayo. Tiki ya kununua inakwambia tu huyu mtu kalipa.

Sasa kuna waliohamia mtandao wa kijamii wa Mastodon, ambako hamna mwenye mtandao mmoja, ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza akaunti, na kila moja ina mwendeshaji wake, kwa hiyo jina likishachukuliwa seva hii unalipata ile, hata liwe jina la halmashauri. Ila kuna kitu kizuri wanacho tangu 2018. Kwenye profaili unaweka anwani ya tovuti yako, alafu ndani ya tovuti unabandika linki inayorudi kwenye profaili ileile, ikiwa na alama ya rel="me", unasevu, seva inaenda kuisoma tovuti na ikiikuta hiyo linki anwani inageuka kijani na tiki pembeni. Bure kabisa. Tapeli atakopi picha, atakopi maelezo, hata anwani yako ataiweka kwake, lakini haitageuka kijani kwa sababu hana paswedi ya kuingia kwenye tovuti yako.

Naongea kwa uchungu. Kuna kikundi cha akina mama wakulima wa zabibu Hombolo, mama yangu mdogo yumo, mtu kawakopi kila kitu mpaka picha ya mama mdogo kashika kreti, akapokea advansi za wateja wa Morogoro na Dar kwa namba yake mwenyewe, mzigo haukwenda, na simu za matusi zikaja kwa mama mdogo. Na tovuti wanayo! Ya co.tz, inalipiwa kila mwaka, ila hamna hata mstari unaosema akaunti yetu ni hii.

Tuelewane lakini, kijani haisemi mtu ni mwaminifu, inasema tu mwenye akaunti ndo anayeishika hiyo tovuti. Tapeli anaweza kununua domeini, yaani jina la tovuti, iliyopishana na yako herufi moja akapata kijani chake, kwa hiyo isome anwani yote. Ndo maana nazililia ofisi za serikali zilizojaa hapa kwetu, maana anwani ya go.tz, ya tovuti za serikali, haipewi mtu wa mtaani, wakiweka hiyo linki mwananchi hana haja ya kubahatisha. Na nyie magazeti pia, huko Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, domeini yenyewe inaweza kuwa jina la akaunti, New York Times wanatumia nytimes.com, nyie mnashindwa nini?

Wenye vikundi na biashara, mpigieni aliyewatengenezea tovuti wiki hii. Akiwaambia ni kazi ya laki mbili mkatalieni, ni mstari mmoja tu, unakaa hata chini kabisa ya ukurasa.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma