Ile Chupa Uliyoniagiza

Las Vegas, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Rehema,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, hawajambo watoto, Mama Mkubwa anaendeleaje na magoti yake? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto tu. Leo limefika nyuzi 43 na bado ni Juni. Niwie radhi kwa kimya. Sauti zako tatu nimezisikiliza zote, ile ya mwisho mara mbili, nikaona nisikujibu kwa simu maana tutakatizwa kabla sijalifikia neno lenyewe. Leo sina zamu, watoto wamelala, na nina mengi.

Umeniagiza chupa ya kale na fuvu la ng'ombe, vya kupambia kile chumba cha juu unachotaka kukifanya cha mtindo wa jangwa. Kwanza chupa. Chupa sikuichukua. Usininunie kabla hujasoma nilivyokwenda kuitafuta.

Nilikwenda, tena kwa ajili yako. Mama Salma naye alikuwa na mapumziko, tukaondoka baada ya kuswali alfajiri, yeye ameshika usukani, mimi nimepakata birika la chai. Rhyolite, mahame ya mji wa dhahabu, ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa, pembeni mwa lile bonde la jangwa, Death Valley. Kuna kamji kanaitwa Beatty. Ukikapita tu unaanza kuona kuta zimesimama peke yake kwenye mteremko, hazina paa, na madirishani unaona mbingu.

Shoga, ule mji ulizaliwa ukafa kabla mtoto hajamaliza shule. Dhahabu ilionekana 1904. Kufika 1907 walikuwa na umeme, simu, mabomba ya maji, hospitali, magazeti, mpaka soko la hisa. Mwaka huohuo mabenki ya Marekani yakayumba, fedha zikaadimika, lakini wao wakaendelea kujenga. Benki ya John S. Cook, ambayo ndiyo ile ya ghorofa tatu kwenye picha niliyokutumia, ilimalizika 1908. Ilikula zaidi ya dola 90,000 za wakati ule, na ngazi za marumaru ziliagizwa Italia. 1911 mgodi mkubwa ukafungwa. 1916 umeme ukakatwa. Kila mtu akabeba alichoweza, hata majumba yenyewe. Mengine yalivutwa mazimamazima mpaka Beatty, kwa kuwa mbao jangwani ni mali.

Nilisimama mbele ya ile benki nikayakumbuka magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Unaikumbuka siku tuliyokwenda na mashua, darasa la saba, mwalimu akituhimiza turudi maji yasije yakatoka tukanasa kwenye mikoko? Mimi nilikuwa naruka kutoka ukuta huu kwenda ule. Wewe ukanishika mkono ukaniambia, "Usikanyage hapo, hapo palikuwa jiko la mtu." Sijui kama unayakumbuka maneno hayo. Mimi yalinirudia palepale, miaka yote hii, kwenye nchi ya watu.

Nikaendelea kutafuta chupa yako hivyohivyo. Na chupa zipo! Kuna nyumba nzima ya chupa. Ilijengwa 1906 na mzee mmoja akiitwa Tom Kelly, kwa sababu miti ya kujengea ilikuwa haba na mabaa yalikuwa mengi. Wanasema ni chupa zipatazo 50,000, nyingi za bia, zimelazwa kwenye udongo kama matofali, vitako vimeelekea nje. Jua likipiga, ukuta mzima unakuwa macho, ya kahawia, ya kijani, mengine meupe. Mama Salma alisema, "Hii nyumba hata ukipewa bure, huswali ndani." Lakini hakutaka kuondoka. Tulizunguka uzio mara tatu, maana wameizungushia uzio, na ni haki yao.

Sasa sikiliza. Nyuma kidogo, mbali na uzio, kwenye changarawe, niliona kitu kinang'aa. Nikainama. Ni kipande cha shingo ya chupa, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, na rangi yake zambarau. Zambarau hasa, ile ya juisi ya zambarau iliyoongezwa maji. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba hakikutoka kiwandani na rangi hiyo. Zamani walitia madini ya manganizi kwenye kioo ili kiwe cheupe kisiwe na ukijani, na kioo cha namna hiyo kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau chenyewe. Yaani ile rangi ni kazi ya jua la palepale, zaidi ya miaka mia moja.

Nilikitia mkobani. Nakwambia kweli. Nikatembea nacho mpaka garini, nikaufungua mlango, nikakaa. Halafu nikakufikiria wewe na yale maneno yako: hapo palikuwa jiko la mtu. Nikarudi nikakiweka nilipokitoa, upande uleule ukiangalia juu. Vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali huku haviokotwi, ni sheria, lakini sitaki kukudanganya kwamba ni sheria iliyonirudisha.

Tena kuna mji mwingine uliohamwa, Bodie, uko California, umekuwa hifadhi tangu 1962. Wao wameamua nyumba zisianguke lakini pia zisifanywe mpya. Sahani bado ziko mezani, vumbi juu yake. Huko watu huiba msumari au kijichupa, halafu wakipatwa na mikosi nyumbani wanavirudisha kwa posta na barua za kuomba radhi. Mimi siamini mikosi ya msumari. Ila nazielewa zile barua.

Basi chupa ndiyo hivyo. Na fuvu la ng'ombe pia sibebi, shoga, hata unililie. Jangwani huku wanalitundika mlangoni, na yule mchoraji Georgia O'Keeffe aliyachora mafuvu ya New Mexico yakawa maarufu dunia nzima. Ukilitaka sana, zungumza na wenye bucha. Fuvu la Mokowe lina pembe nzuri kuliko la hapa.

Nisisahau punda! Mwezi wa tatu tulikwenda Oatman, Arizona, mji wa dhahabu uliobaki na mtaa mmoja. 1942 serikali ilisimamisha migodi ya dhahabu kwa ajili ya vita, nao ukanywea. Punda waliokuwa wakibeba mizigo ya wachimbaji walikuwa wameshaachiwa, wakazaana milimani, na wajukuu zao sasa wanateremka kila asubuhi kuzurura barabarani kama wenye mji. Wanaingiza vichwa kwenye madirisha ya magari. Watoto wa punda wanabandikwa karatasi kwenye paji la uso, usimlishe huyu, maana bado wananyonya na chakula cha wageni kinaweza kuwakaba. Nilimkwaruza mmoja nyuma ya sikio, akafumba macho vilevile kama yule wa marehemu babu yenu. Nililia kidogo. Mama Salma akajifanya anaangalia duka.

Nimefika kwenye neno lenyewe, lile lililoninyima usingizi. Kwenye sauti ya tatu ulisema fundi amekushauri vyumba vya juu vifunikwe dari la jipsamu, "ili lile chumba la jangwa lionekane la kisasa," na boriti zisionekane. Mama Rehema. Kabla hujamlipa hata shilingi, nisikilize.

Hao watu wa jangwani unaotaka kufuata mtindo wao, unajua wanajivunia nini kuliko vyote? Boriti. Mwaka juzi tulikwenda Santa Fe, huko New Mexico. Nyumba zao za asili ni za tofali la udongo, mchanga na nyasi kavu, lililokaushwa juani tu, na juu ya chumba wanapitisha magogo ya msonobari bila kuyafunika. Wanayaita viga. Ncha zake zinatokeza nje ya ukuta, na juu yake wanapanga fito nyembamba. Ukutani wanachimba vishubaka wanavyoviita nicho, wanaweka sanamu za watakatifu wao na mishumaa. Mimi nimekaa kitandani pale nikaangalia juu nikasema, hiki ni chumba cha Mama Mkubwa! Boriti zipo, zidaka zipo, ukuta mnene unaotunza ubaridi upo. Kasoro harufu ya udi tu.

Wao tangu 1957 wana kanuni ya mji: ukijenga kwenye mtaa wa kale, lazima ufuate mtindo wa kale. Kwa hiyo majumba mengi mapya ni ya mbao za kawaida yaliyopakwa plasta ya rangi ya udongo ili yafanane, na kwingine magogo yenyewe ni ya pambo, hayajabeba kitu. Wanalipa fedha nyingi kupata kinachofanana na kile ulichonacho wewe, halafu wewe unalipa fundi akufunikie! Boriti zako za mikoko zimebeba ghorofa ile tangu kabla ya bibi yetu. Chumba ni chembamba kwa sababu mkoko una urefu wake. Upana wa kile chumba umepimwa na mti. Ukiweka jipsamu kitakuwa chumba chembamba tu, bila sababu. Tena mji wetu wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, usije ukajitafutia maneno na watu wa makumbusho.

Kama ni rangi ya jangwa unaitaka, na ni nzuri kweli sikukatazi, mwambie fundi akuchanganyie chokaa na udongo mwekundu kidogo, apake ukuta mmoja, ule wa kitandani. Milango rangi ya feruzi, kama wanavyopaka New Mexico. Kule wanatungika pia mashada ya pilipili nyekundu zilizokaushwa, marefu kama mkono, barazani. Wewe pilipili unazo na uzi unao. Zidakani usijaze vitu, weka kimoja.

Na zulia nimekununulia. Hapo ndipo nilipoumia, lakini nikafunzwa. La kwanza nililinunua duka moja hapa mjini, dola 180, nikaambiwa limefumwa kwa mkono na Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku. Tulipokuwa njiani kwenda Santa Fe tulipita Ganado, kwenye duka la kale la Hubbell lililofunguliwa 1878, ambalo sasa ni hifadhi ya taifa. Mama mmoja wa Kinavajo alikuwa amekaa mbele ya kitanda cha kufumia kilichosimama wima, anafuma. Nikamwonyesha picha ya zulia langu. Akauliza tu, lina matamvua? Nikasema ndiyo, pande zote mbili. Akatikisa kichwa. Akanishika mkono akanionyesha: uzi wa mtande wao ni mmoja, unapanda na kushuka bila kukatwa, kwa hiyo kwa kawaida zulia lao linaishia kwenye kamba iliyosokotwa, halina nyuzi zilizoning'inia. Tangu 1990 kuna sheria kali inayokataza kuuza kitu kwa kusema ni cha wenyeji wa asili na wala si chao. Hata hivyo wanauza. Fedha zangu hazikurudi.

Nilikusanya mwaka mzima nikanunua lingine, dogo, kiasi cha msala, sufu tupu isiyotiwa rangi: nyeupe, kijivu, kahawia na nyeusi ya kondoo wenyewe. Limezungushiwa pindo jeusi. Sasa uangalie kona ya juu: kuna uzi mmoja mweupe, mwembamba, unakata pindo mpaka ukingoni. Utadhani ni kosa. Yule mama wa Ganado alinieleza kwamba mfumaji huacha njia hiyo kwa makusudi, ili mawazo yake yasifungiwe ndani ya zulia, apate kutoka akafume jingine. Usiruhusu fundi wala mgeni alishonee. Na lisiwekwe chini likakanyagwa na viatu. Litundike ukutani, chini ya boriti. Chini ya boriti, umenisikia?

Ndugu yake Mama Salma anasafiri mwezi ujao, atalileta mpaka Mombasa, nimeshamwomba. Bahasha ya picha za Rhyolite nimeitia humo; moja ni ya kile kipande cha chupa cha zambarau, pale chini kilipo. Itie fremu ukitaka, uiweke kidaka cha kati.

Sasa nijibu. Fundi ameshaanza au bado? Kama ameshapigilia vyuma, vinaweza kutolewa bila kuumiza mti? Zidaka za ukuta wa kaskazini zimepona na ile mvua, au plasta imebanduka? Mama Mkubwa mwenyewe anasemaje, umemuuliza kweli au umeamua peke yako? Lile dirisha la baharini bado linakwama? Yule bwana wa kiwanja amerudisha karatasi? Na wewe unalala saa ngapi, maana sauti zako zote umezituma saa nane usiku?

Nipigie Jumanne jioni ya kwenu, nitakuwa nyumbani. Ila kuhusu jipsamu usingoje Jumanne, mwambie fundi kesho asubuhi asimame.

Wasalaam, wako akupendaye,
Mama Nuru