Barua kwa Swaleh kuhusu kupimwa retina

Tororo, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpenzi Swaleh,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote tu wazima. Nimefurahi kusikia kwamba sukari yako imeteremka, lakini pale ulipoandika kuwa huna haja ya kupimwa macho kwa kuwa bado unasoma gazeti bila miwani, niliingiwa na hofu.

Mimi pia nilikuwa nikisoma vizuri. Mwezi uliopita nilisomeshwa herufi za ukutani, nikazimaliza hadi mstari wa chini, nikadhani tumekwisha. Kumbe kipimo chenyewe kilikuwa hakijaanza. Nilitiwa matone ya kupanua mboni, nikangojeshwa karibu nusu saa, kisha daktari akaniinamia na taa kali, akinitaka nitazame juu, chini, kulia, kushoto, huku yeye akichungulia nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, yaani utando unaopokea mwanga, ambako mishipa ya damu huonekana waziwazi bila mtu kupasuliwa. Katika jicho la kushoto aliona vidoa vichache vya damu. Swaleh, sikuwa nimehisi lolote! Retina haiumi. Sukari hudhoofisha mishipa yake midogo hata ikaanza kuvuja, nawe waendelea na gazeti lako mpaka madhara yafike katikati, mahali tunapotumia kusomea na kutambua nyuso. Leza na sindano za jicho huweza kuzuia hasara isizidi, ila uoni uliokwisha kupotea ni vigumu kuurudisha.

Mimi sijahitaji leza. Nimeagizwa nichunge sukari na presha, nirudi baada ya miezi 6. Wewe mwenye kisukari cha aina ya pili ulistahili kupimwa tangu ulipogunduliwa, kwani ugonjwa huu huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana, na baada ya hapo angalau kila mwaka, isipokuwa daktari aseme vingine.

Tafadhali usiende na pikipiki yako. Matone yale hutia ukungu kwa saa kadhaa, na nilipotoka nje jua la saa nane lilinichoma macho, ikabidi binti yangu anishike mkono hadi barabarani.

Alhamisi nitapanda taksi ya alfajiri kuja Jinja ili nikusindikize. Kitafute kitabu chako cha kliniki mapema, na umwambie shemeji asinipikie chai ya sukari.

Wako daima,
Yusufu