Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mitaro na Njia za Waenda kwa Miguu Mtaani Kwetu, Mtwara

Ndugu wanachama,

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliendelea kama kawaida, mashimo ya barabara yalifukiwa kwa changarawe, na vikao vya kamati vilifanyika. Hayo mnayafahamu.

Jambo lililozua maneno mengi ni uamuzi wa kamati wa kutumia fedha za mfuko kujenga upya mtaro, badala ya kutandaza vitofali vya saruji kwenye njia ya waenda kwa miguu. Nimesikia yanayosemwa barazani, kwamba mwenyekiti amepindua azimio la wanachama. Naomba ieleweke kwamba vitofali hulazwa juu ya mchanga, na ardhi yetu nayo ni ya kichanga. Mtaro ukiziba, maji ya mvua za Desemba hadi Aprili hupenya chini, huusomba mchanga ule, na vitofali hudidimia kimoja baada ya kingine mpaka njia inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Aliyepita kwenye kona ya genge msimu uliopita aliwaona akina mama wenye ndoo za samaki kichwani wakilikwepa dimbwi na kushukia barabarani, huku bodaboda zikiwapita ubavuni. Kutandaza vitofali mahali kama pale ni kutupa fedha, na msimamo wangu huo sijaubadili.

Mtaro sasa una vifuniko vya zege vyenye matundu, ambavyo watu wawili wanaweza kuviinua wakati wa kuzoa taka, na juu yake watu wanapita. Mimi mwenyewe nilisimama na fundi kuhakikisha kwamba miteremko ya kupandia haizidi sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu, ili mwenye kiti cha magurudumu apite bila kusukumwa. Wanaoulizia lami wakumbuke kwamba tangu mwaka 2017 barabara za mitaa zimo mikononi mwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Barua yetu ya maombi niliiandika na kuipeleka mimi.

Mkutano ulioitishwa kujadili suala hili ulihudhuriwa na watu 17, akidi haikutimia, na mvua zisingetungoja. Inasikitisha kwamba wengi wanaolalamika leo siku ile hawakuonekana. Kati ya wanachama 96, waliokamilisha ada ya shilingi 24,000 ni 38, sawa na shilingi 912,000. Waliolipa nusunusu walichangia shilingi 214,000, jumla ikawa shilingi 1,126,000. Mtaro uligharimu shilingi 1,070,000, hivyo mfuko una salio la shilingi 56,000.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikilipwa, tunatarajia kuanza kutandaza vitofali upande wa genge, na pengine kupanda miarobaini ya kivuli. Mwenye shaka juu ya matumizi aende kwa mhazini, ambako stakabadhi zote zipo.