Aliyekombolewa hadaiwi tena

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma. Mwaka jana shangazi yangu, mjane aliyekuwa akiugua saratani, aliambiwa na mhubiri mmoja kwamba ugonjwa wake ulitokana na laana ya ukoo, na kwamba hatafunguliwa mpaka atoe sadaka ya ukombozi. Kati ya mbuzi wake watatu aliuza wawili, akatoa. Baada ya miezi miwili akaambiwa sadaka ile haikutosha. Upotevu wa mbuzi haukunisikitisha kama hofu iliyomwingia, kwa maana mama huyo aliyebatizwa tangu utotoni alianza kukesha usiku akijiuliza kama Mungu amemkataa.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutolielewa neno kukomboa. Kuanzia mwaka 1868, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliwakomboa watumwa pale Bagamoyo kwa kuwanunua, fedha mkononi. Kule Unguja, baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, Waanglikana walijenga Kanisa Kuu la Kristo papo hapo Mkunazini, na inasimuliwa kwamba altare yake imesimama mahali palipokuwa na nguzo waliyofungwa watumwa wakichapwa viboko. Nimewahi kupiga magoti mbele ya altare hiyo kupokea mkate na divai, nami sijapata mahubiri yaliyonieleza msalaba kwa uwazi kuliko mahali pale.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 1, aya ya 18 na 19, anatuambia kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Bei imetajwa, na aliyeilipa ametajwa. Maisha ya waliokombolewa Bagamoyo hayakuwa mepesi, lakini hakuna aliyetakiwa kurudi sokoni kila mwaka kulipia upya kichwa chake. Basi mhubiri anayemdai mgonjwa mbuzi ili afunguliwe anamaanisha kwamba malipo ya Kalvari yalipungua, jambo ambalo Mkristo hawezi kulikubali. Sipingi sadaka, nami hutoa kila Jumapili, ila naitoa kwa kuwa nimekwisha kukombolewa.

Kwa majuma kadhaa nilimsomea shangazi sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi kila jioni. Tulipofika pale panaposema kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, alikuwa akiniomba nirudie, nami nikarudia. Alifariki mwezi Februari. Saratani haikumwacha, lakini usingizi ulikuwa umemrudia na maswali yale ya usiku yalikoma. Na asubuhi yake ya mwisho, baada ya kusali, aliniuliza kama yule mbuzi aliyebaki amezaa.

Mzee wa Kanisa,
Muheza, Tanga