Ripoti ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Makaa, Kitui, Mwaka wa 2023

Wanachama wenzangu, wazee na kina mama, hamjambo. Mikutano tulifanya sita, kitalu tulichimba, usajili tulilipia, hayo mnajua siwezi kuyarudia.

Naenda kwa maneno ya ile shilingi 180,000 ya chama iliyoenda kwa mashine ya makaa ya vumbi, ile ya kushikisha vumbi la makaa liwe madonge ya kuwasha, na kitalu cha miche ya mti wa mukau. Kuna watu wanasema ati nilijiamulia peke yangu. Agosti niliita watu 64 wakakuja 19, hao 19 ndio walikubali, minitsi iko na sahihi ziko. Sasa wewe ulikaa nyumbani, unakuja kuniuliza Disemba?

Julai rais alipofungua ukataji wa miti uliokuwa umefungwa tangu 2018, wengi mlijua matanuri yamerudi, simu yangu ililia mpaka usiku. Nikawaambia hiyo ni ya miti iliyokomaa, makaa bado iko na kanuni zake za 2009, lazima chama, leseni, kibali cha kusafirisha na mpango wa kupanda pale umekata. Sisi tulikuwa na chama tu, basi. Na mmesahau 2018 Gavana Ngilu alipokataza makaa kutoka nje ya Kitui? Tulibaki na magunia yananyeshewa kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kuuza, na kosa lilikuwa letu. Mimi sikutaka turudi pale, ndio hiyo 180,000 ikaenda kwa mashine na kitalu, na hata leo ningefanya vile vile.

Ni kweli miche mingi haikutoka. Kokwa ya mukau ni ngumu kama jiwe, unaipasua polepole utoe mbegu bila kuikata, na siku ya kufundishwa hiyo kazi tulienda watu wanne. Wanne! Nauli ya wawili nililipa mimi.

Michango ni 200 kwa mwezi na watu 41 wako na deni, jumla 73,000. Mashine imelala wiki tatu ikingoja beringi, hiyo 73,000 ingenunua beringi na unga wa muhogo wa kushikisha vumbi ibaki nyingine.

Mwaka ujao tunatumaini kupata soko kwa mashule, na kwa vile sheria ya nishati ya 2019 inataka kila kaunti iwe na mpango wake, nitajaribu makaa yetu yaonekane huko.

Mkutano mkuu ni Jumamosi saa nne. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha risiti.