Usinunue mtoto wa mbwa kabla ya kumwona mama yake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze na Wakenya wenzangu wanaonunua mbwa, hasa wanaotafuta German Shepherd. Siku hizi watoto wa mbwa hawa wanauzwa hadi kwenye foleni za magari Nairobi, wameinuliwa kwa mkono mmoja mbele ya dirisha la gari, na mitandaoni ndio usiseme. Wengi hawajatimiza hata wiki tano. Wanunuzi hunipigia simu baadaye, mbwa akiwa ameshaanza kuhara damu, na kinachobaki ni kumkimbiza kwa daktari wa mifugo na kumwomba Mungu.

Nasema haya kwa kuwa nimezaliwa katika boma la mbwa hawa. Baba yangu alipokuwa kijana aliajiriwa na mlowezi mmoja upande wa Njoro kulisha mbwa na kusafisha mabanda yao. Mlowezi huyo aliporudi Uingereza mwaka wa 1964 alimwachia Baba jike mmoja mwenye mimba. Wakati huo waliitwa Alsatian, kwa sababu Waingereza walitoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakichukia chochote chenye jina la Kijerumani, na wazee wengi huku kwetu Nakuru hawajaliacha jina hilo. Nyanya hakumtaka kabisa. Alisema chakula cha mbwa mkubwa namna ile kingeshibisha watoto wawili. Kisha siku moja mvua ya mawe ikawatawanya kondoo wake. Yule jike akatoka mbio, akawazunguka kwa mbali, akawasukuma kwa bega bila kumng'ata hata mmoja, mpaka wote wakaingia zizini. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Tangu siku hiyo ukoko wa ugali ulikuwa wake, na ole wako wewe mtoto ukiugusa.

Baba alikuja kuelewa kwamba kuchunga kondoo ndiyo asili yao hasa. Alizijua habari za Max von Stephanitz, Mjerumani aliyeanzisha ukoo wa mbwa hawa, kama watu wanavyozijua habari za mababu zao: kwamba alikuwa kapteni wa zamani wa askari wapandafarasi, kwamba Aprili 1899 alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, akamwona mbwa aliyeitwa Hektor Linksrhein, akamnunua papo hapo na kumpa jina Horand von Grafrath. Mwezi huohuo kikaundwa chama cha wafugaji wa mbwa hao, na Horand akawa wa kwanza kuandikwa katika kitabu chao cha ukoo. Baba alipenda jambo moja hasa katika habari hizo. Kwa Stephanitz, swali la kwanza lilikuwa mbwa huyu anaweza kazi gani. Sura ilifuata baadaye.

Nasi tuna kitabu chetu. Ni madaftari magumu ya dukani, yamefunikwa kwa karatasi ya kaki, Baba akiandika kwa penseli kwa sababu, alisema, wino hufutika maji yakimwagika. Humo mna kila jike na kila dume aliyempanda, tarehe ya kuzaa, uzito wa kila mtoto kwenye mizani ya jikoni, nani alikufa na kwa nini, nani alikuwa mwoga wa radi, nani aliwahi kumng'ata mtu. Watoto wakizaliwa, kila mmoja hufungwa uzi wa sufu wa rangi yake shingoni ili wasichanganywe wakati wa kupimwa. Kazi hiyo ya nyuzi ilikuwa ya Mama, sasa ni ya binti yangu. Mtoto asiyeongeza uzito kwa siku mbili huwekwa kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, na mtu hukaa naye usiku.

Lakini ukurasa ninaoufungua wageni wakija ni wa dume mmoja aliyeitwa Shujaa. Kwa macho hatujapata mwingine kama yeye. Watu walitoka Eldoret na Nairobi kumtaka awapandie majike yao, na fedha walizotaja zilikuwa karo ya muhula mzima kwetu sisi watoto. Baba akakataa kupokea hata shilingi kabla ya Shujaa kupelekwa kwa madaktari wa mifugo Kabete kupigwa picha ya eksirei. Alirudi na ile picha, akaishika dirishani ili sote tuone: kichwa cha mfupa wa paja hakikukaa ndani ya kikombe cha nyonga, kilining'inia pembeni. Mwezi huohuo Shujaa akahasiwa. Jirani zetu walidhani Baba ameingiwa na wazimu. Miaka ilipopita tuliona wenyewe. Asubuhi za baridi Shujaa alijaribu kuinuka kwenye sakafu ya saruji, miguu ya nyuma ikateleza, akakaa tena, akatutazama. Tulimtandikia magunia mpaka mwisho wa maisha yake.

Ugonjwa huo wa nyonga hurithiwa, tena kwa njia ngumu. Hautoki kwenye chembe moja ya urithi bali nyingi, kwa hiyo wazazi wawili wanaotembea vizuri wanaweza kuzaa kilema. Ndiyo maana Wajerumani wamekuwa wakipima nyonga za mbwa hawa kwa eksirei tangu miaka ya 1960, na ndiyo maana haitoshi kumjua baba na mama tu. Wajue pia babu, nyanya, na ndugu wa tumbo moja. Muuzaji wa kwenye foleni atakuambia nini kuhusu hayo?

Basi nawasihi mwanzie kwa mama. Nenda nyumbani anakokaa. Mtazame akiinuka alipolala, akigeuka, akikimbia. Mama anayetetemeka kwa woga, au anayetaka kukurarua ukiwa umesimama kwa utulivu na mwenyewe yupo, huenda akawaachia watoto wake tabia hiyo. Mtazame mgongo pia. Kuna watu wanasifia mbwa aliyeinama nyuma kama anayetaka kuchutama, eti ndiye halisi. Mimi mbwa wa namna hiyo ananiuma moyo. Mbwa aliyeumbwa kutembea na kondoo kutwa nzima hawezi kuwa na kiuno cha kuburuta.

Na usikubali kumchukua mtoto kabla ya wiki nane. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, humpa kinga, lakini kinga hiyo hupungua kidogo kidogo, na ndipo chanjo zinapohitajika kuanzia wiki ya sita hivi, zikirudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Mtoto wa wiki tano aliyepitishwa mikono kumi kando ya barabara, akawekwa chini ambapo mbwa mgonjwa alipita, anakutana na pavo, virusi vya kuhara damu, kinga ya mama ikiwa inapungua na chanjo hajapata. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo kwa miezi. Ukionyeshwa kadi inayosema mtoto huyo tayari amechanjwa kichaa cha mbwa, shuku, kwa maana chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa akifika miezi mitatu. Wala masikio hayatakusaidia kumtambua. Katika wiki hizo za mwanzo yamelala kwa mbwa wengi, na ya German Shepherd huenda yasisimame mpaka miezi mitano.

Kuna watakaosema natetea biashara yangu. Kama unachotaka ni mlinzi wa nyumba na mwenzi wa watoto, mbwa wa kienyeji wa jirani, ambaye mama yake unamfahamu, anakutosha kabisa, na nyumbani kwetu tumefuga nao pamoja miaka yote. Hashikwi na ugonjwa wa nyonga kwa urahisi, hali sana. Ninachokataa ni mtu kuuziwa jina bila mbwa.

Serikali imeweka mwaka wa 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa hapa nchini. Naziomba idara za mifugo za kaunti, pamoja na kampeni za chanjo, zizuie uuzaji wa watoto wa mbwa barabarani na zimtake kila muuzaji awe na barua ya daktari wa mifugo aliyewaona mama na watoto pamoja. Hilo halihitaji fedha nyingi. Madaktari wapo, na wafugaji wa kweli tutakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Hadi hapo, muuzaji akikuambia mama yuko mashambani, mwambie utangoja mpaka uende kumwona. Akianza kupunguza bei, rudisha simu yako mfukoni na uondoke.

Mfugaji wa mbwa,
Nakuru